Kiti cha Mama Mkwe

Ukitaka kuuona ujinga wa mwanaume mwenye akili, mtazame siku anayotaka kumfanyia mama mkwe wake jambo jema. Mtu anayeweza kufungua injini na kuifunga macho yakiwa kwingine, siku hiyo hajui hata aweke wapi mikono yake. Badru, fundi magari wa Picha ya Ndege pale Kibaha, ndivyo yalivyomkuta, na wala hakuwa mjinga. Alikuwa na haya tu, na haya ikizidi nayo ni maradhi.

Mkewe, Raudha, alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za mwanzo zilitoka, na tusizizungumze sana, maana wenyewe nyumbani kwao hawazizungumzi. Hii ya tatu ilipoanza kuonekana, daktari alisema alale. Asifue, asideki, asinyanyue hata ndoo ya maji ya kunawa. Presha yake nayo ilikuwa ya ajabu, mlango ukigongwa kwa nguvu inapanda. Siku moja kliniki, nesi mmoja mtu mzima alimvuta Badru pembeni akamwambia, "Baba, dawa tunampa. Lakini huyu binti analia sana peke yake. Hana mama?"

"Anaye," Badru alijibu. "Yuko Kisarawe."

"Basi mleteni."

Mleteni! Nesi alisema kama vile anaagiza chumvi dukani. Bi Maulida, mama yake Raudha, alikaa mbele ya Maneromango, na alikuwa mtu wa mila zile za kale ambazo vijana wa siku hizi huzisikia msibani tu. Kwa mila zile, Raudha ndiye angekwenda kwa mama yake kujifungua, na daktari alikwisha kukataa katakata. Basi mama angekuja, sawa. Lakini mama mkwe halali kwa mkwewe. Anakuja asubuhi, anashinda na mwanawe, jua likishuka anarudi kwake. Alale nyumba moja na mwanaume aliyemwoa mwanawe, usiku wasikilizane kikohozi na kukoroma? Astaghafirullah! Bi Maulida angeona afadhali alale njiani.

Na njia yenyewe ilikuwa ile ya Mlandizi kushuka Mzenga mpaka Maneromango, masika yameshaanza. Kabla ya kijiji cha Bi Maulida kuna korongo lenye udongo mweusi unaonata. Gari la kawaida likiingia pale linakaa kitako, na wanakijiji wanatoka na majembe yao na tabasamu zao.

Badru alikuwa na Landkruza ya zamani, zile zinazoitwa mkonga kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda ubavuni. Alilipenda gari lile mpaka Raudha akaliita mke mwenza. Akaamua kulinyanyua, lipite korongo bila kuomba jembe la mtu, amlete mama mkwe na kumrudisha kila atakapotaka.

Kazi ile aliifanya na mwenzake wa gereji, Sostenes, Msukuma aliyekuja Pwani zamani akifuata ng'ombe wa mjomba wake bondeni Ruvu. Ng'ombe wakauzwa, yeye akabaki chini ya magari. Kwa kuwa Wasukuma na Wazaramo ni watani, wawili hawa hawakuwahi kumaliza siku bila kutukanana, na hakuna aliyewahi kununa. Walibadili springi wakatia ndefu, wakaongeza jani moja kila upande, wakafunga shokapu mpya na matairi makubwa. Gari likasimama kama jogoo anayekwepa umande.

Sasa, gari ukilinyanyua, unanyanyua bodi na injini na giaboksi. Difu ya nyuma, lile boksi la gia linalozungusha ekseli, inabaki chini na magurudumu yake. Katikati ya giaboksi na difu kuna propela, lile bomba la chuma linalozunguka kupeleka nguvu nyuma, na kila ncha ya propela ina kiungo kinachoitwa krosi. Zamani propela lilikuwa limelala vizuri. Gari likishanyanyuliwa, linakaa mteremko, na zile krosi mbili zikizunguka kila moja na pembe yake, gari linatetemeka likishika mwendo. Badru alilijua hilo. Alichonga kabari za chuma, akazibana kati ya springi na ekseli ili pua ya difu iinuke kidogo itazamane na propela. Kisha akalijaribu kwenye lami ya Mlandizi, peke yake, gari tupu. Likatulia tuli.

"Bora tulijaribu na mzigo," Sostenes alisema.

"Mzigo gani? Mimi nambeba mama mkwe, sibebi mkaa."

"Haya, Mzaramo. Nyie mkishapiga ngoma mnajua mmemaliza kazi."

Badru hakumsikiliza. Mawazo yake yote yalikuwa nyuma ya gari, kwenye yale mabenchi mawili ya ubavuni. Kwenye benchi la kulia aliweka mto mnene wa sponji, akaushonea kitambaa cha kijani cha mahameli. Kati ya mbele na nyuma akatundika pazia, Bi Maulida asione aibu kutazamana kisogo na mkwewe safari nzima. Na tangu mto ule ulipowekwa, hakuna mwanaume aliyekalia benchi lile, Badru mwenyewe wa kwanza. Kiti cha mama mkwe hakikaliwi. Mtoto wa Kizaramo analijua hilo kabla hajajua kuhesabu.

Siku ya kumfuata, korongo lilipitwa watu wakashangilia. Bi Maulida alitoka amejifunga khanga mpya, uso chini, akaitikia shikamoo ya mkwewe kwa sauti ya kunong'ona, akapanda nyuma. Na mzigo wake ukapanda. Mama haendi kwa mwanawe mikono mitupu! Gunia la muhogo, mananasi, nazi, kuni, mtungi wa maji ya kisima chao, na mitetea wawili waliofungwa miguu. Badru alitaka kusema Kibaha kuna maji na kuna kuni, akameza maneno.

Walipoikamata lami Mlandizi, Badru alikanyaga mafuta. Alijisikia mwanaume, wallahi. Usukani ulimtekenya viganja kidogo, akasema moyoni ni lami imechakaa kwa malori ya Kwala. Nyuma ya pazia kulikuwa kimya. Akachukulia kuwa mama ameridhika.

Kufika nyumbani, Bi Maulida alishuka taratibu, khanga mbili zimezungushwa kiunoni, akapitiliza uani bila kusalimia majirani. Baadaye akaketi na mwanawe chumbani, akamkanda miguu, na Badru akiwa ukumbini akamsikia Raudha akicheka. Ilikuwa miezi hajakisikia kicheko kile. Alitoka nje akasimama tu karibu na tangi la maji, amefurahi mpaka hajui la kufanya.

Furaha yenyewe haikufika jioni. Alipowasha gari amrudishe mama, aliambiwa mama amekwisha kutoka kwa mlango wa uani, amekwenda kupanda basi. Na mto wa kijani kaondoka nao. "Kasema una vumbi, anakwenda kuufua," Raudha alieleza, yeye mwenyewe haelewi.

Basi lilimfikisha mama ukingoni mwa korongo, likagoma. Akavuka kwa miguu, matope mpaka magotini, mtu wa umri ule. Na tangu siku hiyo hakuja tena.

Raudha akipiga simu, mama anasema miguu inamuuma. Akipiga tena, mama anasema mvua. "Si mwenzio ana gari?" Raudha anauliza. "Gari zuri, mwanangu," mama anajibu, "Mungu amzidishie," kisha anauliza habari za kuku wale wawili. Juma likapita, na la pili. Raudha akaacha kula. Kliniki walipompima presha, nesi yule alipima mara ya pili, akamtazama Badru. "Ikiendelea hivi tutamlaza wodini," alisema. "Na mimi sipendi tufike huko, kwa historia yake."

Jioni ile Raudha alimgeuzia mumewe uso uliovimba kwa kulia. "Umemfanya nini mama yangu?"

"Mimi? Sijamfanya kitu!"

"Basi muulize."

Amuulize! Mkwe amuulize mama mkwe wake kwa nini hataki kupanda gari lake? Hata Raudha alijua amesema neno lisilowezekana. Badru alitoka akaenda kukaa kwenye gari lake, na huko uchungu ukamgeukia kuwa hasira. Mto una vumbi! Kaushona kwa mkono wake, na usiku wa kuamkia safari kaupiga brashi. Siku ya posa shangazi mmoja wa Raudha alisema mbele za watu kuwa makanika ukimwoza binti unafua mafuta maisha. Leo basi amepata jibu. Mama naye ni walewale, anamwona mchafu. Alifikiri hivyo, na kufikiri hivyo kulimuuma zaidi ya alivyotaka kukubali, kwa sababu mama yake mwenyewe alifariki zamani na huyu alikuwa amemchukua kuwa wake.

Aliyemtoa huko ni Sostenes. Asubuhi gereji, Badru anapiga nyundo kitu kisichohitaji nyundo, mtani wake alimwuliza, "Wewe, lile gari umewahi kukaa anapokaa mkweo?"

"Una wazimu? Nikae kiti cha mama mkwe?"

"Ulilijaribu tupu, umekaa mbele, kwenye siti yako yenye springi zake. Yeye kakaa juu ya difu na mzigo wa harusi nzima. Nimekuuliza umekaa?"

Badru aliweka nyundo chini. Kama fundi, alikuwa amekwisha kujua jibu. Kama mkwe, alikuwa hataki kulijua.

Walijaza magunia ya mchanga kufikia uzito wa mzigo wa Bi Maulida, wakachomeka na madumu ya maji. Sostenes akashika usukani. Badru akazunguka nyuma, akasimama mlangoni, akavua viatu. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nisamehe," akapanda akakalia benchi la kulia.

Ndani ya mji hakukuwa na tabu. Walipotoka na Sostenes akakaza mwendo, kitu kikaanzia nyayoni, kama sisimizi. Kikapanda magotini. Kisha benchi lote likaanza kuunguruma, mtikisiko wa chini kwa chini usiokoma, ukaingia kiunoni, ukaingia tumboni, ukakaa chini ya kitovu na kufanya kazi yake hapo. Meno yalimgongana. Alishika chuma cha dirisha kwa mikono miwili, na ndipo akakumbuka kuwa asubuhi alikunywa chai. Alijikaza. Mwanaume unajikaza. Walikuwa hawajafika hata nusu ya njia ya Mlandizi alipoanza kulipiga bati la gari kwa kiganja. "Simama! Sostenes, simama! Simama bwana we!"

Gari halijasimama vizuri, Badru pekupeku alikuwa ameshavuka mtaro anaingia vichakani. Sostenes alicheka mpaka akalala juu ya usukani. Madereva wa malori walipiga honi. "Mzaramo kakamatwa!" alipayuka. "Kimbia mtani, kimbia, suruali ina mwenyewe!"

Badru alitoka vichakani akifunga mkanda, naye anacheka. Akafika ukingo wa mtaro, kicheko kikamkatika. Alikuwa ameikumbuka khanga ya pili kiunoni. Akakumbuka alivyopitiliza uani bila salamu, mama mwenye adabu kama ile. Na mto. Yaa Rabi, ule mto.

Aliketi palepale kwenye nyasi. Mama wa watu, mzazi wa watoto wanane, kiuno kimechoka, amekaa nyuma ya pazia anatikiswa njia nzima. Angegonga bati aseme nini? Amwambie nani, mkwewe? Kajikaza mpaka mwili ukamshinda, kisha akajifunga khanga na kuuchukua mto akaufue kwake, mbali, mtu asijue. Na huyu mkwe amekaa majuma mawili anasema kadharauliwa. Badru alijiona mdogo. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta upesi.

Sostenes alishuka garini bado anacheka, akamwona, akanyamaza. Alitazama benchi, akamtazama mwenzake, na fahamu zikamfikia taratibu. Mtani ana ruhusa ya mengi. Anaweza kukulia nyama ya matanga yako akasema marehemu alikuwa mlafi, na wewe ukacheka. Hili angeweza kulibeba akalicheza Kisarawe nzima.

"Hili halimo kwenye utani," Sostenes alisema.

"Halimo," Badru alijibu.

Walilirudisha gari gereji na hawakuushusha mzigo. Waliingia chini yake likiwa limesimama kwa magurudumu yake, limebeba magunia yote, ndipo wakapima. Ikawa wazi kama mchana. Springi zilivyoshuka kwa uzito, difu ilikuwa imegeuza pua yake juu kupita kiasi, na zile kabari nene alizojisifia Badru ndizo zilizoisukuma zaidi. Zilifaa gari tupu tu. Walizitoa wakachonga nyembamba, wakaishusha giaboksi kidogo kwa kuwekea vikombe vya chuma kwenye kiti chake, wakang'oa krosi zote mbili zilizokwisha kulika wakatia mpya, na wakahakikisha alama za propela zimetazamana kabla ya kukaza bolti. Kisha Badru akanywa chai. Makusudi, kikombe juu ya kikombe, mpaka mama ntilie wa jirani akamwuliza kama anaumwa. Akakaa tena benchi la kulia, wakaenda mpaka Mlandizi na kurudi, mwendo wote. Alishuka gereji akitembea kwa utulivu wa shehe, na Sostenes akampa mkono.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko chuma. Bi Maulida angeambiwaje? Ukimwambia gari limetengenezwa, atajiuliza nani kawaambia lilikuwa na kasoro. Atajua mmejua, na akijua mmejua hatapanda hata mkimletea ndege.

"Mwambie yaliyonikuta mimi," Badru alisema mwishowe.

"Yaliyokukuta wapi?"

"Vichakani. Mwambie yote, usiache kitu. Ongeza chumvi ukitaka."

Sostenes alimtazama sana. Kumpelekea mama mkwe habari ya mkwewe na mkojo wake! Mzaramo gani mwenye akili timamu anatuma salamu hizo? Lakini mtani anaweza kuzipeleka. Mtani peke yake.

Kesho yake asubuhi walifika kwa Bi Maulida. Badru alibaki nje kando ya gari, mgongo kwa nyumba, anajifanya anakagua tairi. Masikio yake yote yalikuwa ndani.

"Hodi, nyumba ya wacheza ngoma!"

"Karibu, Msukuma mla michembe. Ng'ombe umewaacha wapi?"

"Nimemwacha mmoja hapo nje, anakagua tairi. Shikamoo, mtani."

"Marahaba. Kaa. Mwanangu hajambo?"

"Mwanao anakulilia, mtani. Lakini kwanza nikupe habari ya huyu mkweo, maana nikikaa nayo nitapasuka."

Akaitoa. Mtetemo, bati linavyopigwa, viatu vilivyoachwa garini, honi za malori. Chumvi aliyoongeza ilitosha kuhifadhi samaki. Akasema mwanaume mzima alikuwa anaruka kama mwanambuzi, anaita jina la mama yake, na kwamba sekunde moja zaidi wangekuwa wanaanika suruali kwenye bomba la mkonga. "Gari lilikuwa na ugonjwa, mtani! Fundi mwenyewe limemuumbua! Ndiyo kalitengeneza sasa, kwa aibu yake."

Nje, Badru alifumba macho, ameshika tairi. Masikio yalimwaka moto.

Halafu akasikia kicheko. Kilianza kidogo, cha mtu anayekizuia kwa upindo wa khanga, kikamponyoka, kikawa kicheko kikubwa cha mama mtu mzima kinachokata pumzi. "Uuwi! Masikini! Masikini mkwe wangu!" Akacheka mpaka akakohoa, na katikati ya kukohoa kulikuwa na kulia kidogo, Badru alikusikia vizuri. Kisha sauti ikashuka. "Na sasa limepona kweli?"

"Limepona. Kanywa chai birika zima kalijaribu."

"Kakaa wapi?"

Sostenes alisita. "Kulekule nyuma, mtani. Kavua viatu."

Kikasikika kigoda kikisogezwa. "Ngoja nivae," Bi Maulida alisema.

Alipotoka, hakumtazama Badru, lakini shikamoo yake aliiitikia kwa sauti inayosikika. Alipanda na mzigo wake kama kawaida, na safari hii kuni zilikuwa nyingi zaidi. Walivuka korongo, wakapita Mzenga, wakaikamata lami. Badru aliongeza mwendo kidogo kidogo, anasikilizia kiganjani na miguuni na kila mahali. Gari lilikwenda kimya.

Nyuma ya pazia sauti ikasema, "Sostenes, mwambie Badru Mungu amlipe."

Sostenes alikuwa siti ya mbele, na Badru alikuwa hatua moja kutoka kwa aliyesema. "Mama anasema Mungu akulipe."

"Mwambie mama, amina."

"Anasema amina. Jamani, mmenigeuza simu?"

Baada ya hapo hakuna aliyesema kitu. Walikaribia Kibaha, na Badru akaanza kuingiwa na wasiwasi. Kimya kile kile! Alipunguza mwendo. Akatega sikio. Akasikia mkoromo, mzito, wa kina, wa mtu ambaye usingizi ulikuwa unamdai majuma mawili na leo umemkamata.

"Kalala," Sostenes alinong'ona, macho yamemtoka.

Badru alikiinamisha kioo cha ndani kabisa, kisije kikamwonyesha kitu kwenye upenyo wa pazia. Aliendesha mpaka nyumbani kana kwamba amebeba mayai, akasimamisha gari mbele ya mlango, na hapo akakwama. Nani amwamshe? Yeye hawezi kumgusa, hawezi kumwita. Sostenes alisema utani wake haufiki huko. Hata kuzima injini aliogopa, kimya kisije kikamshtua. Gari likabaki linanguruma polepole, majirani wakaanza kuchungulia, mama mmoja wa maandazi akauliza kuna mgonjwa.

Ni Raudha aliyetoka. Alikuja akishika ukuta, tumbo mbele, akafungua mlango wa nyuma. Mama yake alikuwa amejilaza benchini, ushungi umeteleza, mvi nje, mdomo wazi. Raudha hakumwamsha. Alipanda taratibu akaketi sakafuni kati ya kuni na mananasi, akalaza kichwa chake pajani pa mama, na mkono wa mama, usingizini, ukakishika.

Bi Maulida alipoamka jua lilikuwa limesogea. Alitazama kichwa cha mwanawe, akatazama nje, akawaona watoto wa mtaa wamejipanga na mama wa maandazi nyuma yao. Akavuta ushungi haraka.

"Tumefika saa ngapi?"

"Zamani, mama," Raudha alisema. "Ulikuwa umelala."

"Nimekoroma?"

Raudha alitaka kudanganya. "Sana."

Bi Maulida alikaa akifikiri, mkono bado kichwani kwa mwanawe. Nje, Badru, asiyethubutu kuusogelea mlango wa nyuma, alikuwa anakagua matairi, kama afanyavyo kabla ya safari. Bi Maulida alilisogeza pazia. Kwa mara ya kwanza tangu aoe, Badru alimsikia mama mkwe wake akimwita mwenyewe, bila mjumbe.

"Baba Badru. Unatengeneza nini tena?"

"Naliandaa, mama. Jioni nikurudishe."

"Unirudishe wapi? Nimeshalala kwa mkwe wangu mchana kweupe, na kukoroma nimekoroma, mtaa mzima shahidi. Usiku nitaona haya ya nini? Zima gari, mwanangu, uniingizie kuni zangu ndani."